Uamuzi au Ajali? Namna ya Kuchambua Ufundi wa Filamu Fupi ya Wanafunzi

Uchambuzi mwingi wa filamu za wanafunzi hufia kwenye aya ya kwanza. Mchambuzi anasimulia hadithi upya, anasema picha ni nzuri, sauti ina shida kidogo, waigizaji wamejitahidi, basi. Kuchambua ufundi ni kuuliza maswali mawili kwa kila unachokiona na kukisikia: hiki kimekusudiwa au kimetokea tu? Na kinamfanya nini mtazamaji? Swali la kwanza ndilo gumu, kwa sababu katika kazi ya mwanafunzi uamuzi mzuri na ajali mbaya hukaa benchi moja, na mara nyingine ajali ndiyo inayopendeza zaidi.

Maelezo haya yatatumia filamu ya kubuni. Ina dakika 8 na shoti 80, yaani vipande 80 vya picha kati ya mkato na mkato. Kijana anatoka Arusha, anapita sokoni Mbuyuni mjini Moshi, anapanda kwao mlimani kumshawishi baba yake auze kihamba, shamba la ukoo la Wachagga. Wanazungumza chini ya migomba, baba anakataa, kijana anashuka jioni. Hadithi ndogo, lakini ina karibu kila mtego ambao lokesheni za huku humtegea mwongozaji.

Kabla ya kubonyeza

Omba faili lenyewe. Video iliyopitia WhatsApp kwa kawaida imebanwa: sehemu za giza zinakatika vipande vya mraba, sauti inakonda, nawe utamlaumu mpiga picha kwa kosa la simu. Faili lije kwa flashi au kwa Google Drive. Tazama kwenye kompyuta, chumba kiwe na giza kiasi, na uvae hedifoni za masikio yote mawili. Masikio mawili si anasa. Kosa la kawaida kabisa ni mazungumzo kusikika upande wa kushoto tu, kwa sababu maiki ya kifuani ilirekodi chaneli moja na mhariri hakuisambaza pande zote. Kwenye spika ya simu kosa hilo hulisikii. Ukumbini, aliyekaa kulia anabaki kusoma midomo.

Tazama mara nne, na kila mara kwa kazi yake

Mara ya kwanza usisimamishe, usiandike. Filamu ikiisha, andika haraka mistari mitano au sita: ulipotea wapi, ulichoka wapi, ulishtuka wapi, ni shoti gani bado iko machoni. Karatasi hii ndiyo ramani yako. Ukishaitazama filamu mara kumi utaizoea, na mazoea yanaficha makosa. Mtazamaji wa kweli ataiona mara moja tu.

Mara ya pili zima sauti. Bila maneno, je, unajua nani anataka nini? Kama sini (tukio la mahali pamoja) ya migomba haieleweki kabisa bila sauti, huenda ni redio iliyowekewa picha.

Mara ya tatu funika kioo kwa khanga au geuza kompyuta, usikilize tu. Hapa ndipo filamu nyingi za wanafunzi huanguka, na tutarudi hapo.

Mara ya nne ndiyo kazi yenyewe: jedwali la shoti. Fungua VLC, programu ya kuchezea video; herufi E kwenye kibodi inasogeza fremu, yaani picha tuli, moja moja. Kwa kila shoti andika namba, muda inapoanza, urefu wake kwa sekunde, ukubwa (waidi inayoonyesha mahali pote, ya kati, klosapu ya karibu kabisa), kamera iko juu, chini au usawa wa macho, imetulia au inatembea, sauti gani zipo, na mwisho kabisa neno moja au mawili juu ya kazi yake. Shoti 80 zitakula saa mbili hadi tatu. Ukibanwa na muda, chambua kikamilifu sini moja ya dakika mbili badala ya kupapasa filamu nzima.

Jedwali likikamilika, piga hesabu. Sekunde 480 kwa shoti 80 ni wastani wa sekunde 6 kwa shoti. Peke yake wastani huo hausemi kitu. Ugawe kwa sini: sokoni shoti 15 ndani ya sekunde 30, yaani sekunde 2 kila moja, chini ya migomba shoti 20 kwa dakika 3, yaani sekunde 9. Hapo kuna la kusema: mji unakata, mlima unasubiri. Ukikuta kinyume chake, au mwendo ni ule ule toka mwanzo hadi mwisho, nalo ni la kusema. Pima pia utangulizi. Sekunde 70 za droni ikizunguka mlima na majina yakipita ni karibu asilimia 15 ya filamu ya dakika 8, na hadithi haijaanza. Kilimanjaro ni mzuri, hilo tunalijua; swali ni kama shoti hiyo ingeondolewa kuna kitu kingepungua.

Mwanga na picha

Usianze na kamera ya bei gani. Anza na jua.

Arusha na Moshi ziko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua linakaa karibu na utosi, na mwezi Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba linapita juu kabisa ya kichwa. Uso uliopigwa picha saa 6 mchana una mashimo mawili meusi mahali pa macho, kwa kuwa paji la uso linatia kivuli. Mtazamaji asiyeona macho hasomi hisia. Kwa hiyo unapotaka kuandika kwamba mwigizaji hana hisia, tazama kwanza kama macho yake yanaonekana. Inawezekana kosa ni la ratiba, si lake. Anga la mawingu la Arusha mwezi Juni na Julai ni rafiki wa wapiga picha wasio na taa: mwanga umetawanyika, vivuli ni laini, na shoti ya asubuhi inaungana na ya mchana bila kelele.

Jioni ni mtego wa pili. Huku jua halilegei, linadondoka. Ule mwanga wa dhahabu ambao kila mwanafunzi anautaka unadumu kama nusu saa tu kabla ya giza. Sini ya kijana akishuka, yenye shoti 12, haimaliziki kwa nusu saa na kikundi cha watu wanne. Matokeo yake utayaona kwenye jedwali: shoti ya 70 ni ya dhahabu, ya 73 imepauka, ya 75 ni ya buluu, kisha ya 76 inarudi dhahabu. Andika namba hizo. Mhariri akijaribu kusawazisha kwa programu, ngozi huwa ya chungwa na anga hugeuka kama la kalenda.

Mtego wa tatu ni mlima wenyewe. Kilimanjaro mara nyingi hujifunua alfajiri na jioni, katikati ya siku hujifunika mawingu. Ikiwa mlima uko nyuma ya kijana anaposema neno la kwanza na haupo anapomaliza sentensi, shoti hizo mbili zimepishana kwa saa kadhaa, hata kama hadithi inasema ni dakika moja. Mtazamaji wa Moshi atalishika kosa hilo kabla yako.

Chini ya migomba angalia rangi ya ngozi. Mwanga unaopenya na kuakisiwa na majani mapana unatia ukijani usoni, na upepo ukivuma mabaka ya jua yanatembea juu ya paji. Ngozi nyeusi inavumilia mabaka hayo hadi pale kamera inapoachwa ijipimie mwanga yenyewe: mtu mwenye shati jeupe akipita mbele, picha nzima inazama gizani kisha inapanda tena. Kupanda na kushuka huko ni alama ya simu iliyoachwa kwenye hali ya otomatiki, na dawa yake ni kufunga mwanga na fokasi kabla ya kurekodi. Ndani ya nyumba tazama dirisha. Baba aliyekaa mbele ya dirisha la mchana anakuwa kivuli cha mtu. Kivuli hicho kinaweza kuwa uamuzi wa maana, mzee anayefifia. Lakini kama kila aliyekaa kiti kile anafifia, ni dirisha tu.

Kwenye sini za ndani chunguza kama kuna mistari ya giza inayopanda au kushuka polepole kwenye ukuta. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za mirija na baadhi ya LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi zimepangwa kurekodi fremu 30 kwa sekunde, na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ikiwa 1/60 ya sekunde hailingani na mpepeso huo. Fremu 25 na shata ya 1/50 au 1/100 zingeondoa tatizo. Ukiandika hivyo umempa mwenzako dawa. Ukiandika «mwanga unacheza» umempa pole.

Fremu, mahali pa kamera, na mstari usioonekana

Hapa jedwali linafanya kazi yenyewe. Panga shoti za mazungumzo na uone kamera iko upande gani. Kati ya watu wawili wanaotazamana kuna mstari wa kufikirika. Kamera ikibaki upande mmoja, baba ataangalia kulia na kijana kushoto daima. Ikivuka bila kuonyesha inavuka, wote wanaangalia kulia na mtazamaji anahisi kama wanaongea na mtu wa tatu. Kuvuka kunaweza kuwa silaha, kwa mfano pale baba anaposema hapana na dunia ya kijana inageuka. Lakini wanafunzi wengi huvuka kwa sababu upande wa pili kulikuwa na banda la ng'ombe au waya wa nguo.

Klosapu pia hutumika kama fedha, huisha. Ikiwa kijana amepewa klosapu tangu sekunde ya kumi, siku ya kukataliwa mwongozaji hana pa kusogea. Hesabu klosapu na uone ya kwanza imetumika lini na kwa neno gani. Kama baba ana moja tu, na ni ile anaposhika udongo wa kihamba, huo ni uamuzi, na ni mzuri.

Sauti, yaani nusu iliyosahauliwa

Mtazamaji husamehe picha mbovu. Sauti mbovu hasamehi, huondoka.

Rudi kwenye ile mara ya tatu ya kusikiliza tu. Jambo la kwanza la kutega sikio ni mandharinyuma kati ya neno na neno. Kila mkato ukipita unasikia kishindo kidogo cha ukimya, kisha ndege, kisha ukimya, kisha bodaboda iliyokatwa kiunoni: mhariri hakuwa na sauti ya mahali penyewe. Ilipasa wote wanyamaze na kurekodi sekunde 30 hadi 60 za mahali patupu, ili itandazwe chini ya sini nzima kama mkeka. Jambo la pili ni wimbi. Mwigizaji akinyamaza, mvumo wa upepo na wadudu unapanda wenyewe. Akianza kusema unashuka. Hiyo ni simu inayojiongezea sauti. Jambo la tatu ni kupasuka: baba anafoka na neno linakwaruza kama redio ya betri zilizoisha. Sauti iliyogonga sifuri kwenye kipimo cha desibeli haitengenezeki vizuri. Mazungumzo yalitakiwa yafikie kilele kati ya −12 na −6.

Kisha sauti za mtaa. Adhana inayosikika kwenye shoti ya baba na kutosikika kwenye ya kijana inavunja muda hata kama picha zimeungana vizuri. Mashine ya kusaga vivyo hivyo, na mvua kwenye bati ndiyo mfalme wao: ikianza, hakuna mazungumzo ya siku hiyo. Mwongozaji mwerevu huikubali mvua, akawanyamazisha wahusika na kuacha bati liseme. Ukiona hivyo, msifu kwa namba za dakika, kama unavyomkosoa.

Angalia midomo. Fremu moja kati ya 25 ni milisekunde 40. Sauti ikitangulia mdomo kwa fremu moja au mbili, watu wanahisi kuna kitu. Ikichelewa, huvumilia mpaka kama tatu. Kagua mwanzo na mwisho wa shoti ndefu: kama mwanzoni iko sawa na mwishoni imeteleza, chanzo ni simu iliyorekodi kwa kasi ya fremu isiyo thabiti, na faili lilitakiwa libadilishwe kuwa na kasi moja kabla ya kuediti.

Muziki uuzungumzie mwisho, kwa ukali. Kinanda cha huzuni kinachoanza kabla baba hajafungua mdomo kinamwambia mtazamaji alie kwa jambo asilolijua. Muombe mhariri toleo lisilo na muziki na ulinganishe sini hiyo. Na kama ni wimbo wa Bongo Fleva unaojulikana, uliza ruhusa iko wapi. Filamu inayotaka kwenda kwenye tamasha inaweza kukwama kwa sababu hiyo tu.

Mkato

Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi, alionyesha karne iliyopita kwamba uso uleule usiobadilika, ukiunganishwa na sahani ya supu au na jeneza, husomeka kama njaa au kama msiba. Faida yake kwa mchambuzi ni hii: usimhukumu mwigizaji kabla ya kuona shoti iliyotangulia na iliyofuata. Uso wa kijana unaoonekana mtupu unaweza kuwa umewekwa baada ya shoti isiyompa la kufikiri.

Tazama fremu 12 za mwanzo na 12 za mwisho za kila shoti. Utamkuta mwigizaji amesimama kama gogo akingoja kuambiwa aanze, au macho yakimtafuta mwongozaji baada ya neno la mwisho. Hiyo ni nusu sekunde ya kukata, haihitaji kushuti upya. Tazama pia kama kila mkato unaangukia mwisho wa sentensi: baba anasema, kata, kijana anajibu, kata. Mazungumzo yanakuwa ya ping-pongi, na anayesikiliza haonekani kamwe. Mara nyingi maneno ya baba yana uzito zaidi yakisikika juu ya uso wa kijana.

Walter Murch, mhariri Mmarekani, alipopanga vigezo sita vya mkato mzuri, hisia aliipa asilimia 51, na mahali watu na vitu walipo kwenye sini asilimia 4. Kwa hiyo kikombe cha chai kinachohama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto kitaje kwa mstari mmoja, uendelee. Wachambuzi wachanga hupenda vikombe kwa sababu ni rahisi kuvikamata.

Salamu ni jambo letu wenyewe na vitabu vya nje haviligusi. Hodi, karibu, shikamoo baba, marahaba, habari za huko, kaa: sekunde 40 zimekwisha na hakuna kilichotokea. Ila salamu zina nguvu zikitumiwa. Kijana anayeingia kihambani bila kutoa shikamoo ameshatangaza vita. Baba anayechelewesha marahaba ameshajibu. Pima urefu wa salamu, kisha uulize imebeba nini.

Kufuata kosa hadi lilipozaliwa

Kosa linaonekana kwenye mkato lakini mara chache huzaliwa hapo. Kwenye 5:12 baba anaruka kutoka kukaa hadi kusimama. Ukimlaumu mhariri umesimama njiani. Endelea: alikuwa na shoti ya kufunikia, mikono, panga, jani linalotikisika? Jedwali linaonyesha kuwa sini nzima haina hata moja. Kwa nini? Huenda muswada uliandikwa mazungumzo matupu bila kitendo, mpiga picha akapiga watu wanaoongea tu. Kosa la 5:12 lilizaliwa mezani, kabla kamera haijatoka kwenye begi.

Kujua kama kitu ni uamuzi, tumia vipimo vitatu. Kinajirudia kwa mpangilio? Kinaangukia mahali hadithi inapogeuka? Kiligharimu juhudi ambayo mtu asingeifanya kwa bahati? Kikipita viwili, kiite uamuzi. Kikishindwa vyote, kiite ajali bila kuogopa, hata kama mwongozaji atadai alikusudia. Bajeti isiwe kisingizio wala kosa: taa moja iliyowekwa vizuri si umaskini.

Kuandika

Sentensi kama «mwanga wa sini ya migomba haukuwa mzuri» haimfai mtu. Linganisha na hii:

«Kuanzia 4:10 hadi 5:35 uso wa baba una ukijani na mabaka ya jua yanayohama. Kijana, aliyekaa nje ya kivuli, ana rangi ya kawaida. Mtu angeweza kusoma hapa kwamba baba ni sehemu ya shamba na mwana ametengwa nalo, lakini kwenye shoti ya 52 kijana anakaa palepale pa baba, anapata ukijani uleule, na hadithi haijageuka. Rangi hiyo ni ya mahali, haina maana iliyokusudiwa, na inapunguza nguvu ya klosapu ya udongo inayofuata.»

Kuna muda, kuna kinachoonekana, kuna tafsiri iliyojaribiwa na kukataliwa kwa ushahidi, na kuna athari. Chagua hoja tatu au nne za namna hiyo kwa filamu ya dakika 8. Hoja kumi na tano zinakuwa orodha ya madai. Anza na ile karatasi ya mara ya kwanza: mahali ulipopotea na mahali uliposhtuka ndipo hoja zako zilipo. Muhtasari wa hadithi usizidi sentensi tatu.

Kama uchambuzi utasomwa mbele ya waliotengeneza, ambao pengine ni wenzako wa darasa moja, usiseme «umekosea», sema «kwenye 4:10 mtazamaji anaona hivi». Mwishoni waachie karatasi mbili tofauti. Ya kwanza iwe ya yanayorekebishika kwenye kompyuta leo: kukata fremu za kungoja, kusambaza sauti pande zote mbili, kupunguza droni hadi sekunde 8, kushusha kinanda. Ya pili iwe ya yanayodai kurudi lokesheni, na uiandike kwa mpangilio wa mwanga: kwanza mkusanyo wa shoti za mlima kabla ya saa 3 asubuhi, kisha mikono na panga chini ya migomba mawingu yakishatanda, na mwishoni sekunde 60 za ukimya, kila mtu amesimama alipo na simu zimezimwa.